Ndagala za Mama kwenye Sahani ya Bukavu

Wamama wapendwa, mliniomba niandike juu ya seminari ya walimu niliyohudhuria Bukavu mwanzoni mwa mwezi wa nane, mwaka wa 2024. Juu ya seminari nitasema kidogo tu. Ilichukua siku tano, tulijifunza namna ya kufundisha kusoma katika darasa la kwanza lenye watoto wengi, na makaratasi yake ninayo. Mwenye kuyahitaji apite nyumbani. Ninachotaka kuwaeleza ni chakula nilichokula huko siku ya Jumamosi, kwa sababu kinatuhusu sisi wa kando ya ziwa kuliko ile seminari.

Siku ya kuondoka mama alinipa mfuko wa ndagala kavu, kilo tatu hivi, nimpelekee mtoto wa mama mdogo ambaye ni mpishi kule Bukavu. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Nchi nne zenye ziwa letu, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana uvuvi usimame miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaana. Ndagala zile zilikuwa akiba ya kabla ya ziwa kufungwa. Mama alikuwa na mifuko miwili tu ndani ya nyumba, na mmoja akautoa. Nilimwambia Bukavu wana sambaza zao, hawana shida ya samaki wadogo. Akasema, "Chukua tu."

Barabara mnaijua: Uvira, halafu uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola, halafu milima ya Ngomo ambapo kila mtu ndani ya gari anakumbuka kusali. Kabla ya kufika Kamanyola, abiria wa mbele aligeuka akauliza nani amebeba samaki. Mfuko ulikuwa chini ya miguu yangu. Niliangalia nje ya dirisha kama vile swali halikunihusu.

Mdogo wangu huyo anafanya kazi kwenye restora mpya upande wa Muhumba, kwenye moja ya zile rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Sitaitaja jina. Wenyewe wanasema wanataka kupika chakula cha nyumbani kwa namna ya hoteli kubwa za dunia. Walikuwa hawajaanza kupokea wateja wa kulipa, na kwa siku ya majaribio kila mpishi aliruhusiwa kualika mtu mmoja wa jamaa. Akanialika mimi. Nilivaa kikwembe kile cha sherehe ya 8 Machi, nikapanda taksi-moto.

Nieleze kidogo jinsi ilivyo, kwa maana niliulizwa sana nyumbani. Meza hazina vitambaa, ni mbao tupu zilizong'arishwa. Sahani ni kubwa kama ungo na chakula kiko katikati, kidogo, kama kimesahauliwa na mtu. Huchagui. Wanakuletea vyakula saba kimoja kimoja, na kila kimoja kijana anayehudumia anasimama na kukieleza kwa Kifaransa kabla hujagusa. Sombe ililetwa ndani ya kikombe cha kahawa, imesagwa laini, juu yake tone la mawese, na unainywa! Nilitaka kucheka, lakini nilipoonja nikanyamaza. Ilikuwa sombe kweli, ya mtu aliyekaa na moto na kuungoja. Kulikuwa na jibini ya Masisi na asali, nayo nzuri. Kulikuwa na viazi vya rangi tatu ambavyo mpaka leo sijui vilitaka kusema nini.

Karatasi ya vyakula ilikuwa mezani pamoja na bei watakazotoza wateja. Chakula chote, dola 35. Mwenye kutaka sahani moja tu aliweza kuagiza, na ile ya nne ilikuwa dola 12, yaani zaidi ya franka elfu thelathini. Jina lake lilikuwa refu, la Kifaransa, na mwishoni likasema "ya Tanganyika".

Ilipokuja nilizitambua kabla kijana hajafungua mdomo. Ndagala. Tisa, nilizihesabu. Zilikuwa zimekaangwa zikakauka kama majani, zimesimamishwa wima kwenye kipande cha bugali wa muhogo uliochomwa, kando yake pilipili na ndimu. Meza yangu ilikuwa na watu sita tusiofahamiana. Bibi mmoja aliyetoka Kinshasa, mwenye sauti nzuri na saa ya dhahabu, alikula moja, akafumba macho, akauliza ni samaki gani hawa. Mtu akamwambia, "Muulize mwalimu, yeye ametoka Fizi." Wote wakaniangalia.

Wamama, mimi nimesoma kwa ndagala. Miaka yangu mitatu ya ISP ililipwa kopo kwa kopo. Nazijua ndagala tangu taa zinapowashwa kwenye mitumbwi usiku usio na mwezi mpaka zinapoanikwa asubuhi kwenye mchanga, na sisi watoto tukifukuza kuku na bata. Ningeweza kumwambia yule bibi kwamba hata sambaza wanazojivunia Bukavu zilitoka kwetu, kwa maana Ziwa Kivu halikuwa na samaki huyo mpaka Wabelgiji walipomchukua Tanganyika na kumpanda huko, miaka ya 1958 hadi 1960. Huwa nalifundisha somo hili darasani, na watoto hulipenda.

Nikajibu, "Sizijui sana. Sisi kwetu tunakula zaidi mukeke na samaki wakubwa."

Ilinitoka haraka hivyo. Sijui niliogopa nini. Labda niliogopa kwamba baada ya ndagala wangeniuliza mama anafanya kazi gani. Na nilipoinua macho, mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kijana wa kuhudumia, amevaa nguo zake nyeupe, ametoka jikoni kuja kuona jinsi watu wanavyopokea sahani yake.

Hakusema kitu. Aliwaeleza wageni kwa heshima kwamba ni ndagala, kwamba zimetoka pwani ya Fizi, kwamba mwenye kuzikausha ni mama mmoja wa Lusenda mwenye miaka zaidi ya thelathini katika kazi hiyo. Bibi wa Kinshasa akasema mama huyo apongezwe. Watu wawili walipiga makofi kidogo. Nami nilipiga.

Baada ya kahawa niliingia jikoni. Alinionyesha mfuko, ule ule wangu wa chini ya miguu, umebaki nusu. Alisema, "Yaya, nilikusikia," halafu hakurudi tena kwenye maneno hayo. Nashukuru hakurudi. Akaanza kuzungumza juu ya mchanga.

Hapa ndipo nawaomba msikilize vizuri. Alikuwa amekaa jioni mbili akichambua ndagala za mama moja moja, akipangusa mchanga kwa brashi, na karibu nusu alizitenga kwa sababu mchanga haukutoka au zilikuwa zimevunjika. Nyumbani tunaziosha, tunapika, na ukiuma mchanga unatema. Mteja wa dola 12 hatatema, ataondoka. Alisema wapishi wengi vijana sasa wanatafuta vyakula vya kwetu. Akanisimulia juu ya Dieuveil Malonga, mzaliwa wa Kongo-Brazzaville aliyejifunza upishi Ujerumani, ambaye mwaka 2020 alifungua restora yake mjini Kigali, ikaitwa Meza Malonga, na wageni wa mbali huenda kula pale. Huyo ndiye vijana wote wa jikoni ile wanamtazama. "Vyakula vipo," alisema, "usafi ndio unatuangusha." Yeye yuko tayari kununua kilo kumi kila mwezi, na kwa ndagala zisizo na mchanga atalipa mara mbili ya bei ya soko la Bukavu.

Dawa yake tunaifahamu ila tumeichelewesha. Ni kichanja: miti minne au sita, fito, wavu juu, kiuno cha mtu mzima kutoka ardhini. Hewa inapita chini na juu, ndagala zinakauka upesi, na mvua ikitisha unafunika. Upande wa Burundi FAO ilifundisha wakaushaji mambo haya tangu miaka ya 2000, na baadhi ya majirani zetu wa kambini waliotoka kando ya ziwa huko wameviona vichanja hivyo kwa macho. Mchanga ni wa bure na kichanja kina gharama, hilo nalijua. Lakini kilo kumi kwa mwezi siyo mzigo wa mama mmoja akifanya kazi na wenzake watatu.

Niliporudi nilimweleza mama habari zote za sahani, za bei, za kuchambua mchanga. Alipigwa na bumbuazi kwa hesabu ya ndagala tisa. Aliuliza mara mbili kama ni tisa kweli au nimesahau. Halafu aliudhika kidogo kwamba nusu ya ndagala zake zilitengwa. Neno nililolisema mezani sikumweleza. Gazeti letu hili husomewa na wajukuu kila Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo leo analisikia pamoja nanyi.

Ziwa lilifunguliwa tarehe 15, na wavuvi wamerudi majini. Kichanja cha kwanza kiko nyuma ya nyumba yetu, karibu na mwembe. Miti iko, fito ziko, wavu wa zamani tumeupata kwa mvuvi mmoja aliyeubadilisha kwa debe la muhogo. Una matundu mawili makubwa. Mwenye uzi wa nailoni na sindano ya kushonea nyavu aje nao Jumatano saa tisa. Mama atakuwepo, nami nikitoka shuleni.