Mla Jana Kala Nini?

Wahenga walisema, “Mla ni mla leo, mla jana kala nini?” Walikusudia kwamba shibe ya jana haimfai mwenye njaa ya leo. Lakini kwa wataalamu wa lishe swali hilo si mzaha, bali ndiyo kazi yao yenyewe. Humwendea mama nyumbani kwake, wakamwomba ataje kila kilichoingia kinywani mwake na mwa mtoto wake katika saa 24 zilizopita. Majibu yake huwasaidia wakuu kuamua ni mbegu gani zigawiwe, na ni mafunzo gani wapewe akina mama.

Kwa miaka mingi majibu hayo yaliandikwa kwenye karatasi. Mwongozo wa Rosalind Gibson na Elaine Ferguson, uliotolewa mwaka 1999 kwa ajili ya nchi zinazoendelea, uliagiza mama asihimizwe: kwanza ataje vyakula vyote, kisha aeleze vilivyopikwa, halafu akadirie kiasi, na mwisho orodha ipitiwe upya. Utaratibu huo ni mzuri, lakini karatasi zilipaswa kunakiliwa mjini, na kosa lilipoonekana, mama alikuwa amekwisha kusahau.

Simu ya mkononi imeleta nafuu hapo. ODK, programu iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, mwaka 2008, huhifadhi majibu hata pasipo na mtandao, na kuyapeleka mtandao ukipatikana. Ikipangwa vema, hukataa palepale jibu lisilowezekana. INDDEX24, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Tufts mahsusi kwa mahojiano ya chakula, ilijaribiwa katika Vietnam na Burkina Faso, majibu yake yakalinganishwa na chakula kilichopimwa kwa mizani.

Hata hivyo, chombo ni chombo. Neno ni la mwenye nyumba. Na tutazame Lurujo, katika nchi ya Arua na Koboko, magharibi ya Nile, Uganda. Huko ni jirani na Kongo na Sudan Kusini, na katika soko moja husikika Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, Kilingala na Kiswahili. Kijana mwenye simu akibisha hodi na kuuliza, “Mama, jana mlikula nini?” anaweza kujibiwa kwa upole, “Ugali na mboga, mwanangu.” Kijana hubonyeza mara mbili, na simu hutosheka.

Lakini mboga ni nini? Kwa wengi wasemao Kiswahili, mboga ni majani. Kwa wengine ni kitoweo chochote, hata samaki. Huenda ugali ulikuwa wa muhogo, na mboga ilikuwa majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga za kusaga, pamoja na samaki wakavu. Huenda pia mama alikula embe bivu njiani akitoka shamba, asilihesabu kuwa chakula kwa kuwa halikupikwa. Kipimo cha lishe ya wanawake kinachotumika duniani kina makundi 10 ya vyakula, na mama hutakiwa kufikisha angalau 5. Kwa jibu la kwanza mama huyu ana makundi 2. Kwa ukweli wa sufuria yake anayo 5. Simu haikukosea hesabu. Aliyekosea ni muulizaji aliyeharakisha.

Liko na jambo zito zaidi. Jirani yake, ambaye kweli alikula ugali na majani matupu, ataandikwa vilevile. Katika daftari la wakuu wanawake hao wawili watakuwa sawa, na mwenye haja hatajulikana.

Wengine huona njia fupi ni kupiga simu badala ya kutembea. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipojaribu njia hiyo katika kambi ya Mugunga, karibu na Goma, katika mpango ulioanza mwaka 2013, liligawa simu kwa kaya. Ilikuwa busara, maana nyumba isiyo na simu mara nyingi ndiyo yenye chungu kitupu. Na hata penye simu, pengine hukaa mfukoni mwa baba, naye hajui mtoto alipewa nini mchana.

Basi anayetumwa kuuliza na afunzwe kwanza majina ya vyakula vya mahali hapo, kwa lugha ya mahali hapo, na kujua bakuli za nyumba hujaa kiasi gani. Aulize, anyamaze, aulize tena: “Na njiani, mama? Na mtoto je, alipolia?” Kisha, hesabu zikiisha, majibu yarudishwe kijijini, mama aelezwe alichopungukiwa na kile alichonacho tayari shambani mwake. Aliyetoa siri ya chungu chake anastahili kujua imefanya kazi gani.