Lushoto kwa baiskeli: kabla hujamwachia mtoto mteremko

Gari likishaiacha Mombo na kuanza kuipanda milima ya Usambara, watoto hubandika pua kwenye vioo. Bonde upande mmoja, mwamba upande wa pili, kona baada ya kona mpaka Soni. Ni takriban kilomita 33 hadi mjini Lushoto, na kwa umbali huo gari hupanda karibu mita 1,000. Hapo ndipo mmoja husema, "Baba, kurudi si tushuke na baiskeli!"

Jibu liwe hapana. Barabara hiyo ni nyembamba, ina mabasi, bodaboda na malori yaliyosheheni mboga, na dereva hawezi kumwona mtoto aliye nyuma ya kona. Watu wazima wenye uzoefu huishuka. Mtoto wa miaka kumi asiishuke, hata akilia.

Lushoto kuna njia nyingine nzuri. Ya kuanzia ni ya Irente, kama kilomita tano hivi kutoka mjini, inayopita katikati ya mashamba na nyumba za watu. Mwisho wake ni jabali ambalo chini yake nyika imetandazwa kama mkeka. Kwenda ni kupanda, hivyo mtoto akichoka ashuke asukume; wenyeji wenyewe husukuma. Njiani kuna shamba la Irente, panapouzwa mkate, jibini na jamu. Mkifika kwenye jabali, baiskeli ziachwe mbali na ukingo na wadogo washikwe mkono.

Wakubwa kidogo wanaweza kwenda Magamba, kaskazini mwa mji, kwenye msitu wa hifadhi wenye mbega weusi kwa weupe. Nendeni na mwongozaji. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, ni bora kuuacha: udongo mwekundu ukilowa huteleza kama sabuni.

Sasa breki, na hapa mzazi asione haya kuwa msumbufu. Baiskeli nyingi za kukodi zimetengenezwa kwa watu wazima. Mtoto anaweza kuzifikia pedali lakini vidole vyake visifike kwenye breki, na hilo halionekani mpaka mteremko uanze. Mkalishe kwenye siti, mwambie abane breki bila kuachia usukani, kisha isukume baiskeli mbele. Magurudumu yakizunguka, hiyo si baiskeli yake.

Kabla ya kuondoka, afanye mazoezi kwenye kamteremko kafupi: abane breki zote mbili kidogo kidogo, makalio yarudi nyuma, pedali zilingane. Akibana ya mbele peke yake kwa ghafla, baiskeli itamrusha kichwa mbele. Kwenye mteremko mrefu simameni mara kwa mara. Mikono ya mtoto huchoka kabla ya miguu, na mkono uliochoka haubani.

Wazazi wengine huingiwa na hofu mtoto akihema sana, wakidhani ni ugonjwa wa mwinuko. Ugonjwa huo kwa kawaida huanza kusumbua watu juu ya mita 2,500. Mji wa Lushoto uko karibu mita 1,400. Kinachomhemesha ni kilima. Apumzike, anywe maji, ale ndizi. La kuangalia zaidi ni baridi: akipanda hutoka jasho, akishuka upepo humkuta amelowa, hasa Juni hadi Agosti. Sweta liwe kwenye begi, lisibaki hotelini. Jua nalo la milimani huunguza hata kukiwa na ubaridi.

Kofia ngumu ibebwe kutoka nyumbani, kwa kuwa saizi ya mtoto si rahisi kuipata kwa wakodishaji. Ikae vidole viwili juu ya nyusi, na mkanda wa kidevuni uruhusu kidole kimoja tu kupita. Akiitikisa kichwani ikacheza, kaza tena.