Kusimama na Kuunga

Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, ambaye sasa anasoma nahau ya Kiarabu kwa vitabu vya Kiingereza, ameniuliza maana ya neno "pausal". Waingereza wenyewe hulitumia kwa nadra. Si sifa ya mtu anayesitasita katika kusema. Ni sifa ya umbo ambalo neno hulivaa pale msomaji anaposimama, na wataalamu wao hulitumia hasa kwa Kiarabu na Kiebrania.

Basi jambo lenyewe kila mtoto wa chuoni hapa Mtawanya analo ulimini. Katika Alhamdu, akiunga husoma "aalamiina", akisimama husoma "aalamiin". Na ta-marbuta hugeuka he: Mwarabu akiunga husema "barakatu", akisimama "barakah". Sisi watu wa pwani tukalichukua lile la kusimama, tukasema baraka. Na rehema kadhalika.

Ila, ndugu msomaji, kujua umbo si kujua mahali pake. Hapo wengi hunitia hofu, hata wenye sauti nzuri. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 43, waumini wanakatazwa kuikaribia swala hali wamelewa. Anayeishiwa na pumzi kabla ulevi haujatajwa, akakata hapo, amewakataza watu swala! "As-swalaata" ameigeuza "as-swalaah" kama inavyotakiwa, umbo halina kasoro, na maana imeharibika. Huyo mimi humrudisha nyuma maneno machache, avute pumzi, kisha aunge.