Nyumba ya Magomeni

Penye miti hapana wajenzi. Miaka mingi tulipita Magomeni, tukienda na kurudi Kariakoo, pasipo kubisha hodi katika nyumba ya Mwalimu Nyerere, ambayo sasa ni makumbusho.

Mwalimu hakuzaliwa humo. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, na huko nako yapo makumbusho yake. Humu aliishi katika miaka ya kudai uhuru, baada ya kuacha kazi ya ualimu Pugu, Machi 1955.

Siku tulipoingia tulitazamia makuu; tukakuta nyumba ya kawaida, mithili ya nyumba za jirani. Tukanyamaza. Sisi tuliokula mshahara wa serikali tangu ujana tulijiuliza: je, tungalithubutu kuuacha kwa ajili ya TANU, chama ambacho wakati ule hakijatimiza hata mwaka mmoja, ilhali watoto wanangoja chakula? Jibu halikutupendeza.

Walimu, wapelekeni vijana Magomeni. Wasiende kutazama vyombo vya kale tu. Wasimame mle ndani, kila mmoja ajiulize swali hilo mapema, kabla hajazoea mshahara.