Miti ya Kwetu

Papa alikuwa Kolwezi, Kongo, Mei 1978, waasi wa FLNC walipouteka mji na askari wa Lejioni ya Kigeni ya Ufaransa wakashuka kwa miavuli. Miaka mingi baadaye jirani alituletea kaseti ya *La Légion saute sur Kolwezi*, filamu ya Raoul Coutard ya 1980. Papa alisogeza kiti karibu na runinga, akitafuta barabara za Manika. Hakuziona. Filamu ilipigwa Guyane, ng'ambo ya Atlantiki. "Ile miti si ya kwetu," akasema, akaenda kulala.

Nilipokua, vijana sita wa mtaani tulichanga tukanunua kamera kuukuu. Tulitaka filamu ya mapigano iliyopigwa hapahapa. Seremala akatuchongea bunduki za mbao, tukazisugua kwa dawa nyeusi ya viatu mpaka zikang'aa. Siku ya tatu, chini ya kilima cha taka za mgodi, askari wakatulaza kifudifudi. "Mwe batoto, bunduki mulitosha wapi?" Mmoja aliigonga yangu kwenye jiwe, ikapasuka, mbao nyeupe ikaonekana. Walituachia. Kamera haikurudi.

Tulipopata nyingine ya kuazima, tukaibadili hadithi: vijana wanafukuzwa mji mzima kwa sababu wanapiga filamu. Adui hatukuhitaji kumbuni. Tulikimbizana katika vichochoro vya mtaa wetu wa Kasulo, usiku tukaunganisha picha umeme uliporudi, na kompyuta ilipojaa tukafuta za mwanzo ili zinazofuata zipate nafasi. Kumbe hata Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alifanya hivyo: *Who Killed Captain Alex?* ya 2010 aliifuta kwenye kompyuta apate nafasi ya kazi nyingine, ikabaki nakala yenye sauti ya msimulizi VJ Emmie juu yake. Habari hiyo iliniuma kama msiba wa nyumbani.

Maana Kasulo ile haipo tena. Tangu 2014 watu walichimba kobalti hata chini ya sakafu za vyumba vyao, na vichochoro vyetu vikawa mashimo. Siku hizi mpwa wangu hupiga filamu kwa simu asubuhi, jioni Lubumbashi wanaitazama. Aliponiomba ya kwetu, nilimpa diski moja iliyokwaruzika, ndiyo pekee iliyosalia.

Tuliitazama pamoja. Katikati ya mbio, Papa anapita na baiskeli yake, hajui kama anapigwa picha. Mpwa wangu hakuwahi kumwona babu yake akitembea. Akairudisha nyuma, mara ya pili, mara ya tatu. Nyuma ya Papa, upande wa kushoto, kuna mwembe wa jirani.