Namngojea Ciri

Ndugu msomaji, kuna mtu ninamngojea, wala si mchumba. Ni msichana mwenye nywele za rangi ya majivu, kovu shavuni na upanga mgongoni. Jina lake huandikwa Ciri. Waingereza hulitamka Siri, nami nalipenda hivyo hivyo, maana kwetu neno hilo lina maana yake. Yumo ndani ya gemu ambayo bado haijatoka. Mama ameshaniuliza mara mbili kama kijana wa umri wangu, aliyemaliza kidato cha nne na kuishia kutoa fotokopi dukani kwa watu, hana mambo mengine ya kungojea. Ninayo. Lakini hili nalo ni jambo.

Gemu hiyo inaitwa The Witcher 4. Inatengenezwa Poland na CD Projekt Red ya Warsaw, kampuni ambayo mzizi wake ni vijana wawili walioanza mwaka 1994 kwa kuuza gemu za watu wengine kwenye sidii. Filamu fupi ya kuitangaza ilionyeshwa Los Angeles mwezi Desemba 2024, na wenyewe wakasema haitatoka kabla ya mwaka 2027. Ya tatu ilitoka Mei 2015. Hesabu mwenyewe. Katika muda huo mtoto wa dada yangu amezaliwa, ameanza shule, na sasa ananifunga bao.

Kwa asiyejua, witcher ni mtu aliyelishwa dawa kali tangu utotoni na kufunzwa kuua mazimwi. Hafanyi hivyo kwa ushujaa, ni kibarua chake. Anafika kijijini, anasoma ubao wa matangazo, anakuta fulani ameandika kwamba kuna dubwana kisimani. Basi anamwendea mwenye tangazo na wanapatana bei kama watu wa sokoni. Ana panga mbili, moja ya chuma na moja ya fedha, na hiyo ya fedha ndiyo ya mazimwi. Akichunguza, mara nyingi anakuta zimwi limeletwa na wanakijiji wenyewe: mtu alimuua nduguye, au alikula kiapo akakivunja. Katika gemu tatu za mwanzo kibarua huyo alikuwa Geralt, mzee wa nywele nyeupe. Sasa ni zamu ya Ciri, aliyemlea kama bintiye. Wapo mashabiki waliolalamika kwamba Geralt kawekwa kando. Mimi naona ni haki. Gemu nzima ya 2015 Geralt alikuwa akimtafuta huyu binti. Amepatikana, sasa afanye nini, akapike?

Hata hivyo, kinachoninyima usingizi si panga. Ni mahali jambo hili lilipoanzia. Lilianzia katika jarida, ndugu msomaji, jarida la hadithi kama hili ulilolishika. Desemba 1986 jarida la Kipolandi liitwalo Fantastyka lilichapa hadithi fupi iliyoletwa kwa ajili ya shindano lake. Mwandishi alikuwa Andrzej Sapkowski, bwana wa miaka 38 aliyekuwa katika biashara ya nje, akiuza manyoya ya wanyama. Alichukua ngano ya kwao, ya binti mfalme mwenye laana aliyekuwa strzyga, zimwi linalotoka jenezani usiku na kula watu, akaiuliza maswali ya mtu mzima: huyo anayekuja kumwokoa binti analipwa kiasi gani? Nani anamlipa? Na laana hiyo ilitokana na dhambi ya nani?

Akapata nafasi ya tatu. Ya tatu! Huku kwetu sijamsikia mtu akiwataja waliomtangulia.

Zikafuata hadithi nyingine, kisha riwaya, na mwaka 2007 gemu ya kwanza, ambayo filamu yake ya kufungulia ni hadithi ile ile ya jarida. Mkusanyo wa 1993 uliobeba hadithi hiyo nao ulisubiri hadi 2007 kutoka kwa Kiingereza. Kufikia mwaka 2023, The Witcher 3 peke yake ilikuwa imeuza nakala zaidi ya milioni 50. Mzee mwenyewe, alipouza haki za gemu, alikataa asilimia akataka fedha mkononi, kwa kuwa hakuamini kitu hicho kingefika popote. Mwaka 2018 mawakili wake wakadai zloti milioni 60, na mwishoni mwa 2019 wakapatana upya na kampuni. Watu wamemcheka sana. Mimi ninayelipwa kwa nakala mbili za jarida sina meno ya kumcheka.

The Witcher 3 niliicheza Ngamiani, hapa Tanga, katika banda la mabati lenye runinga tatu. Kule kila mtu anacheza mpira. Unalipa, unacheza mechi, ukifungwa unaachia pedi. Kucheza gemu ya hadithi mahali pale ni kama kusoma riwaya kwenye foleni ya maji, kila mara mtu anakusukuma bega akitaka zamu yake. Mwenye banda, kaka mmoja mvumilivu, alinipangia saa za mchana ambapo wateja ni wachache. Madogo waliokuwa wakisubiri mpira wakaanza kuniuliza, "Kaka, anasema nini huyo mzee?" Basi nikawa natafsiri. Maneno ya Kiingereza yanapita chini ya kioo, mimi natoa Kiswahili kwa sauti, kama wale jamaa wa vibanda vya video. Nafikiri pale ndipo nilipojifunza kuandika mazungumzo, kwa sababu ukichelewa kidogo maneno yameshapita, na ukitumia neno la kitabuni madogo wanakuzomea.

Siku moja tukafika kwa Baroni wa Velen. Ni mlevi, mpiga mke. Mke alikuwa mjamzito, mimba ikaharibika baada ya kipigo, na kitoto kikafukiwa bila jina wala maziko ya heshima. Kikarudi zimwi. Kwa Kipolandi kinaitwa poroniec. Mimi, mbele ya wale watoto, nikakwama. Mwisho nikasema, "ni kitoto kilichonyimwa jina." Unaweza kukiua kwa upanga, au unaweza kumlazimisha Baroni akibebe kifuani usiku, hadi kizingitini pa nyumba yake, akipe jina na akizike. Banda zima likachagua kukibeba. Yule baba, jitu la watu, akakikumbatia kile kitu kibaya huku kinafurukuta, akakiita Dea. Hakuna aliyepiga kelele. Dogo ambaye mechi yake ilikuwa ndiyo inayofuata akasema, "Kaka, we endelea tu."

Halafu akaniuliza, "Na kwetu yapo kama hayo?"

Nikamwambia yupo Nunda, mla watu. Habari zake zimo katika hadithi ya Sultani Majnuni, ambayo Edward Steere aliiandika kutoka kwa wasimulizi wa Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Nunda alikuwa paka wa Sultani. Alipoanza kula mifugo, Sultani alinyamaza, kwani paka ni wake na mifugo ni yake. Akala mbuzi, ikawa hivyo hivyo. Akala ng'ombe, akala watu, akakimbilia msituni akawa zimwi, hadi akala wana wa Sultani mwenyewe. Ndipo mtoto mdogo wa mwisho akatoka kwenda kumsaka. Niambie, msomaji, hiyo ni hadithi ya watoto?

Nauliza kwa sababu riwaya yangu ni ya Nunda. Nimeiandikia katika mji wenye mitaa na wapangaji, na msakaji wangu ni mwanamke anayedai malipo nusu kabla ya kazi. Nilipeleka sura tatu kwa mchapishaji mmoja. Alinijibu kwa adabu kwamba Kiswahili changu ni kizuri, ila mazimwi ni ya vitabu vya watoto, nijaribu maisha halisi. Nilibaki nakitazama kitabu cha Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, mzaliwa wa mkoa huu huu wetu wa Tanga, ambamo ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na ndugu yao anawachapa kila usiku huku analia. Maisha halisi!

Turudi kwa Ciri. Katika ile filamu fupi anafika kijiji ambacho kinamtoa msichana kafara kwa zimwi liitwalo Bauk. Anamwokoa, analiua zimwi kwa taabu kubwa, na akirudi anamkuta msichana ameshauawa na watu wa kijiji chake. Dakika chache tu, lakini niliitazama kwa simu mara nne mfululizo. Mimi nimekulia nchi ambayo vikongwe wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, naijua hadithi hiyo. Ninachoogopa ni kwamba fedha zimekuwa nyingi mno. Juni 2025 walionyesha nchi ya Kovir, milima, soko lililojaa watu, farasi mwenye misuli inayocheza chini ya ngozi. Kizuri, sikatai. Lakini mimi nangoja kuona kama bado wanakumbuka ubao wa matangazo, na kizingiti.

Maonyesho yale yaliendeshwa kwenye PS5. Bandani tuna PS4 tatu, moja imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Kaka mwenye banda anasema atanunua mpya tukimhakikishia wateja, na wateja wa hadithi ni mimi na yule dogo, ambaye sasa yuko kidato cha pili na sauti imemkwaruza. Kila Jumamosi anapita dukani kuuliza mambo mawili, tarehe ya gemu imetajwa au bado, na Nunda amefika wapi. La kwanza namjibu bado. La pili namjibu niko ukurasa wa 112, na Nunda hajamaliza kuku.