Jinsi Kikombe Kilivyotuponyoka Iringa

Wengi mmeniuliza jinsi tulivyokosa kikombe cha sataranji huko Iringa muhula huu. Kosa lilikuwa langu, nami nitalieleza.

Tuliondoka Mbeya alfajiri kwa basi. Tukapita Chimala na Makambako, kisha misitu ya misonobari ya Mafinga, tukateremka mpaka Ipogolo, na hapo gari likapanda mlima kuingia mjini.

Katika mchezo wa mwisho nilipangiwa mvulana wa Kidato cha Kwanza, mdogo hata miguu yake haikugusa sakafu. Mimi ni wa Kidato cha Tatu, na shuleni kwetu ni wachache wanaonishinda. Nalikuwa nimesoma habari za Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyeiwakilisha Uganda katika mashindano ya mataifa huko Urusi mwaka 2010 akiwa bado msichana mdogo. Hata hivyo nilimdharau mwenzangu.

Baada ya saa moja alibaki na mfalme peke yake, tena kwenye pembe ya ubao. Mimi nilikuwa na mfalme na malkia. Badala ya kufikiri, niliwageukia marafiki zangu nikicheka, nikampeleka malkia umbali wa mruko mmoja wa farasi kutoka kwa mfalme wake. Mara nikaona nililolifanya. Mfalme wake hakushambuliwa, lakini vyumba vyote vitatu vilivyomzunguka vilizuiwa na malkia wangu. Kwa sheria ya sataranji, hiyo ni sare.

Yule mvulana hakulijua jambo hilo. Alinyoosha mkono akasema, "Nimeshindwa, kaka."

Mwamuzi alikuwa meza ya mbali. Nakiri kwamba niliupokea mkono ule nikanyamaza, maana ushindi ule ndio ungetupatia kikombe. Lakini yeye aliendelea kuutazama ubao, akauliza, "Ningecheza wapi, kaka?"

Alitaka kujifunza. Nikashindwa kumdanganya, nikamwita mwamuzi.

Basi tukapata nusu pointi kila mmoja, na kikombe kikatupita kwa nusu hiyo. Njiani wenzangu hawakunisemesha mpaka Makambako. Hapo nahodha wetu akaninunulia hindi la kuchoma, akaniambia, "Mwakani utazame ubao, usitazame watu."